Seli Dhaifu na Kikomo cha Chini: Kuzilinda Betri za Lithiamu Zisiishiwe Chaji Kupita Kiasi

Betri ya lithiamu inayotumika katika mfumo wa sola wa nyumbani, katika pikipiki ya umeme au katika kompyuta ya mkononi kwa kawaida si kitu kimoja, bali ni mkusanyiko wa seli, na seli ndiyo kipande kidogo kabisa chenye anodi, kathodi na elektroliti ambacho kinaweza kuchajiwa na kutoa umeme chenyewe. Mtumiaji huiona betri, lakini madhara hutokea kwenye seli, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi yanayofanyika katika kuzilinda betri hizi zisiishiwe chaji kupita kiasi, yaani zisiendelee kutolewa umeme baada ya volteji ya seli kushuka chini ya kikomo ambacho kemia yake inaweza kukistahimili. Volteji ya betri nzima haitoshi kuonyesha hali hiyo. Tena, jambo lisilopewa uzito unaostahili ni kwamba hatari kubwa mara nyingi haiji betri inapofanya kazi, bali katika siku na wiki zinazofuata baada ya kazi kusimama, ambapo hata chombo kinachoilinda seli huendelea kula chaji ya seli hiyohiyo.

Mazoea ya zamani yanachangia makosa haya. Kwa miongo mingi watu wa Afrika Mashariki walizoea betri za risasi na asidi, zile zinazoitwa betri za gari au betri za maji, ambazo fundi huzipima kwa kugusisha mita kwenye ncha mbili na kusoma namba moja. Betri ya namna hiyo ikiishiwa kabisa huumia na kupungukiwa uwezo, lakini mara nyingi hukubali kuchajiwa tena bila kuleta hatari ya moto kutoka ndani. Lithiamu haitoi nafasi hiyo, na ndiyo maana tangu Sony ilipoingiza sokoni seli za kwanza za ioni za lithiamu mwaka 1991, suala la kuziwekea ulinzi wa kielektroniki limekwenda sambamba na suala la kuziunda.

Ili kuelewa sababu, ni lazima kuangalia ndani ya seli. Katika seli ya kawaida, anodi ni grafiti iliyopakwa juu ya utepe mwembamba wa shaba, na kathodi ni oksidi au fosfeti yenye metali iliyopakwa juu ya utepe wa alumini, huku kati yake kukiwa na utando wa plastiki wenye vitundu vidogo mno unaozuia elektrodi hizo mbili zisigusane. Seli inapotoa umeme, ioni za lithiamu hutoka katika grafiti, hupita katika elektroliti na vitundu vya utando, kisha huingia katika kathodi. Juu ya grafiti kuna ngozi nyembamba sana iliyojijenga seli ilipochajiwa kwa mara ya kwanza kiwandani. Ngozi hiyo hutokana na elektroliti kuvunjika kidogo inapogusana na grafiti yenye lithiamu, na ikishakamilika huzuia uvunjikaji usiendelee. Lithiamu inapokaribia kwisha katika grafiti, potenshali ya anodi, yaani kiwango chake cha umeme kikilinganishwa na metali ya lithiamu, hupanda kwa kasi. Kwanza ile ngozi huanza kuvunjika na kutoa gesi. Utoaji wa umeme ukiendelea hadi potenshali hiyo ifike karibu volti 3.5, shaba yenyewe iliyobeba grafiti huanza kuyeyuka na kuingia katika elektroliti ikiwa ioni.

Seli iliyofikia hapo haitoi moshi wala haipati moto papo hapo, na mtu akiitazama kwa nje ataona tu kwamba haina chaji. Madhara hujitokeza inapochajiwa tena. Ioni za shaba hugeuka kuwa metali kwa mara ya pili, lakini hazirudi pale zilipotoka. Hujikusanya juu ya uso wa anodi na ndani ya vitundu vya utando, na huweza kuota kama vijiti vidogo vinavyounganisha elektrodi mbili na kusababisha shoti ndani ya seli. Shoti hiyo ikiwa ndogo, seli itakuwa inapoteza chaji yenyewe hata ikiwa imewekwa kabatini. Ikiwa kubwa, joto lake linaweza kuanzisha mwako. Kwa hiyo kuishiwa kupita kiasi ni kosa ambalo madhara yake hujificha hadi wakati wa kuchaji, na mara nyingi lawama humwangukia asiyehusika, kwa sababu chaja ndiyo iliyokuwa imechomekwa wakati betri ilipovimba au kushika moto. Inafaa kutaja kwamba seli ambazo anodi yake hubebwa na alumini badala ya shaba, kama vile zile za titaneti na nyingi za sodiamu, hazina tatizo hili la shaba kuyeyuka, na seli za sodiamu zinaweza hata kusafirishwa zikiwa na volti sifuri.

Kikomo cha chini hutegemea kemia. Seli zenye kathodi ya kobalti, au ya mchanganyiko wa nikeli, manganizi na kobalti, hujaa kwenye volti 4.2, hufanya kazi kwa wastani wa volti 3.6 au 3.7, na watengenezaji wengi hutaja mwisho wa matumizi kati ya volti 2.5 na 3.0. Seli za fosfeti ya chuma, ambazo zimeenea katika betri za sola na katika pikipiki nyingi za umeme kwa sababu hustahimili joto na mizunguko mingi, hujaa kwenye 3.65, hufanya kazi kwa volti 3.2, na mwisho wake huwa 2.5, ingawa baadhi ya watengenezaji huruhusu hadi 2.0. Namba hizi si mpaka wa uharibifu, bali ni mpaka wa busara uliowekwa juu ya uharibifu ili kuacha nafasi. Seli inapofika sehemu hii ya mwisho, volteji hushuka kama inayoporomoka, kwa maana kwamba kati ya volti 3.0 na 2.5 chaji inayobaki ni asilimia chache tu ya uwezo wote. Anayeweka kikomo kwenye 2.8 badala ya 2.5 katika seli ya fosfeti hupoteza dakika chache za matumizi na kununua siku nyingi za usalama, na ni vigumu kuona hoja nzito ya kufanya kinyume chake.

Ugumu wa kweli huanza seli zinapounganishwa kwa mfululizo, yaani ncha chanya ya moja ikishikana na ncha hasi ya nyingine ili volteji zijumlishwe. Betri ya sola inayouzwa kama ya volti 12 huwa na seli nne za fosfeti, na jumla yake ya kawaida ni volti 12.8. Mkondo uleule hupita katika zote nne, lakini seli hazilingani kamwe: moja huwa na uwezo pungufu kidogo tangu kiwandani, nyingine imekaa karibu na inveta ikachoka mapema kwa joto, nyingine hupoteza chaji yenyewe kwa kasi zaidi. Tuseme betri hiyo imeunganishwa na inveta iliyoundwa kwa ajili ya betri za asidi, ambayo hujizima volteji ikishuka hadi 10.8. Seli tatu zikiwa bado zina chaji na zinasoma 3.2 kila moja, jumla yake ni 9.6, na ya nne inaweza kuwa imeshuka hadi 1.2 bila inveta kuona sababu yoyote ya kujizima. Wastani huficha, kama alama za darasa zima zinavyoweza kuonekana nzuri huku mwanafunzi mmoja amefeli kabisa. Katika betri zenye seli nyingi zaidi, kumi na sita kwa mfano, mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu seli moja ni sehemu ndogo sana ya jumla. Seli dhaifu inaweza kupita sifuri na kugeuzwa ncha, ikawa inasukumiwa mkondo na wenzake kwa mwelekeo usio wake, na hali hiyo ni mbaya kuliko zote zilizotajwa. Majaribio ya Umoja wa Mataifa ambayo seli za lithiamu hupaswa kuyapita kabla ya kusafirishwa, yanayojulikana kama UN 38.3, yamejumuisha jaribio la kuilazimisha seli itoe umeme hadi igeuke, jambo linaloonyesha kwamba wataalamu hawalichukulii tukio hili kama la kinadharia.

Seli zilizounganishwa kwa usambamba, ambapo ncha chanya zote hushikana pamoja na hasi zote pamoja, hazina tatizo hili, kwa kuwa zote hulazimika kuwa na volteji moja. Gari la Tesla Roadster la mwaka 2008 lilikuwa na seli 6,831, lakini kwa kuwa zilipangwa katika makundi ya seli 69 za usambamba, vipimo vilivyohitajika kwa mfululizo mzima vilikuwa 99 tu. Kinachopimwa, basi, ni kila ngazi ya mfululizo, na katika maelezo yanayofuata neno seli litatumika kwa maana hiyo.

Kwa seli moja pekee, kama iliyomo katika simu au betri ya akiba ya mfukoni, ulinzi ni jambo jepesi na la bei ndogo. Chipu iitwayo DW01, ambayo hupatikana katika bodi ndogo za ulinzi zinazouzwa madukani kwa wingi, hulinganisha volteji ya seli na kikomo cha takriban volti 2.4, na ikishuka chini yake kwa muda uliopangwa huzima transista iliyo kwenye njia ya mkondo. Mambo mawili katika muundo wake yanastahili kuangaliwa kwa karibu. Kwanza, haifungui tena njia mara tu volteji inapopanda juu ya 2.4, bali husubiri hadi takriban 3.0, kwa kuwa seli ikiondolewa mzigo volteji yake hurudi juu yenyewe, na bila pengo hilo saketi ingekuwa inakata na kuunganisha mfululizo hadi chaji ya mwisho iishe. Pili, transista iliyozimwa ina diodi ndani yake inayoruhusu mkondo kupita upande mmoja tu, hivyo kutoa umeme huzuiwa lakini kuchaji hubaki kunawezekana, na betri iliyojifunga inaweza kufufuliwa kwa chaja bila kufunguliwa.

Kwa betri ya mfululizo, bodi ya ulinzi, ambayo mafundi wengi huiita kwa herufi zake BMS, huunganishwa na kila kiungo kati ya seli kwa waya mwembamba, kwa hiyo seli kumi na sita huhitaji waya kumi na saba. Chipu maalumu husoma tofauti ya volteji kati ya waya mmoja na unaofuata na kuigeuza kuwa namba, kwa usahihi wa milivolti chache katika zile zilizo bora. Nyaya hizi ndizo sehemu dhaifu isiyozungumzwa vya kutosha. Ikiwa waya ulio kati ya seli ya pili na ya tatu umelegea au umeshika kutu, na seli zote mbili kwa kweli zina volti 3.30, bodi inaweza kusoma 3.10 kwa moja na 3.50 kwa nyingine. Jumla inabaki sahihi, na kasoro ya namna hiyo, ambapo seli jirani zinatofautiana na wastani kwa kiasi kilekile lakini upande mmoja juu na mwingine chini, karibu kila mara ni ya waya. Fundi anayeijua huchukua mita na kupima moja kwa moja kwenye ncha za seli kabla ya kuihukumu. Asiyeijua hubadilisha seli nzima na kukuta tatizo liko palepale.

Kipimo kinachochukuliwa wakati mkondo unapita nacho kina mtego wake. Kila seli ina ukinzani wa ndani, yaani hali ya kuupinga kidogo mkondo unaopita ndani yake, na seli yenye ukinzani wa miliomu 20 ikitoa ampea 10 itaonyesha volteji pungufu kwa volti 0.2 kuliko inavyostahili kwa chaji iliyomo. Pikipiki ya umeme inayopanda mlima ikiwa na abiria inaweza kushusha seli chini ya kikomo kwa sekunde kadhaa ingawa bado kuna chaji ya kutosha, na bodi ikikata hapohapo itamwacha dereva katikati ya barabara. Ndiyo sababu mifumo mizuri haikati kwa namba moja. Hupunguza nguvu ya mota taratibu kadiri seli ya chini kabisa inavyokaribia kikomo, husubiri kwa muda kabla ya kukata, na huweka kikomo cha pili, cha chini zaidi, ambacho hakisubiri. Ukinzani huongezeka seli inapozeeka, hivyo pikipiki iliyoanza kukata kwenye mlima ambao zamani iliupanda bila shida inatoa habari za seli yake dhaifu mapema kuliko kipimo chochote kinachochukuliwa ikiwa imesimama.

Volteji peke yake haitoshi pia kwa sababu ya tabia ya seli za fosfeti, ambazo kwa sehemu kubwa ya safari yake hukaa karibu na volti 3.2 au 3.3, kiasi kwamba mwenye betri iliyobaki robo na mwenye betri iliyojaa robo tatu wanaweza kusoma namba zinazokaribiana sana. Mifumo mingi huongeza njia ya kuhesabu chaji, ambapo kihisi hupima mkondo unaoingia na kutoka, na programu hujumlisha kwa muda ili kukadiria kilichobaki. Njia hii ni nzuri, lakini makosa yake hulimbikizana: kihisi kinachokosea kwa miliampea 50 tu huzalisha kosa la ampea-saa 1.2 kwa siku, na baada ya siku kumi kosa ni ampea-saa 12, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya betri ya ampea-saa 100. Tiba yake ni kusahihisha hesabu kila betri inapojaa kabisa. Katika nyumba inayotegemea paneli ndogo, wakati wa masika, betri inaweza kukaa wiki nyingi bila kujaa hata mara moja, na asilimia inayoonyeshwa kwenye kioo ikawa dhana tu. Njia za hisabati za kuunganisha volteji na hesabu ya mkondo, hasa kichujio cha Kalman ambacho Gregory Plett alikieleza kwa ajili ya betri katika maandiko yake ya mwaka 2004, hupunguza kosa hili, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya kanuni ya msingi: uamuzi wa mwisho wa kukata lazima ubaki kwa volteji ya seli ya chini kabisa, hata kama asilimia inadai kwamba bado kuna chaji.

Kusawazisha seli, yaani kuzifanya zote zifike juu kwa pamoja kwa kupunguza chaji ya zile zilizotangulia kupitia rezista, husaidia, ila watu wengi hukupa kusawazisha huko kazi isiyo yake. Seli iliyoachwa nyuma kwa kupoteza chaji itarekebishwa. Seli ambayo uwezo wake wenyewe umepungua itajaa pamoja na wenzake na bado itaisha kabla yao kila mara.

Baada ya kukata ndipo sehemu iliyosahaulika inapoanza. Bodi nyingi za betri kubwa hutumia miliampea kadhaa kwa ajili ya kupima na kuwasiliana. Chukua betri ya ampea-saa 100 iliyokatwa ikiwa imebaki na asilimia 2, yaani ampea-saa 2, na bodi inayotumia miliampea 10: chaji hiyo itakwisha kwa saa 200, kidogo zaidi ya siku nane, bila taa hata moja kuwashwa. Mwenye nyumba aliyesafiri kwa mwezi mmoja baada ya umeme wake kuzimika atarudi na kukuta betri imekufa, na bodi iliyopaswa kuilinda ndiyo iliyoimaliza. Mwaka 2012 ulizuka mjadala mkubwa Marekani kuhusu magari ya Roadster yaliyoachwa yameegeshwa kwa muda mrefu bila kuchomekwa hadi betri zao zikaishiwa kabisa na kuhitaji kubadilishwa. Kiini chake kilikuwa matumizi ya namna hii. Uzito wa suala hili umeongezeka tangu tarehe 1 Aprili 2016, ambapo kanuni za usafiri wa anga zilianza kutaka betri za ioni za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mizigo ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Kanuni hiyo ina sababu nzuri za usalama, lakini betri inayoanza safari na chini ya theluthi ya chaji, kisha ikakaa forodhani na ghalani miezi kadhaa, ina akiba ndogo ya kuvumilia bodi inayokunywa polepole.

Ulinzi uliokamilika, kwa hiyo, unahitaji ngazi zaidi ya moja: onyo kwa mtumiaji, kisha kukata mzigo, na hatimaye bodi kujizima yenyewe hadi ibaki na matumizi ya maikroampea, yaani sehemu ya milioni ya ampea, ikisubiri chaja iiamshe. Ngazi ya tatu ndiyo inayokosekana katika bidhaa za bei nafuu, na haionekani kwenye maelezo ya boksi. Mpango wa ubora wa bidhaa ndogo za sola uliojulikana kama Lighting Global, ambao kazi yake sasa inaendelezwa na VeraSol, umefanya jambo la maana kwa kutaka ulinzi wa betri uthibitishwe maabara na si kuahidiwa tu na muuzaji, na wanunuzi wa betri kubwa zaidi wangestahili kuulizia vivyo hivyo kiasi cha mkondo ambacho bodi hutumia ikiwa imelala.

Seli iliyokwisha kushuka chini ya kikomo haipaswi kupewa mkondo kamili. Chaja zilizoundwa vizuri, kama zile zinazotumia chipu ya TP4056, huanza na sehemu ya kumi ya mkondo wa kawaida hadi seli ifike volti 2.9, na mifumo mingi mikubwa hukataa kabisa kuchaji seli iliyoshuka mno. Desturi ya kuishtua betri iliyojifunga kwa kuiunganisha na betri nyingine yenye nguvu huuvuka ulinzi huu wote, na inapofanikiwa, mteja huondoka akiamini kwamba ameepuka hasara. Wanaotumia tena seli zilizotolewa katika betri za kompyuta chakavu wana njia ya uangalifu zaidi: kuichaji seli hadi ijae, kuiacha wiki mbili au tatu bila kuunganishwa na kitu, kisha kuipima tena, kwa sababu seli yenye shaba iliyoota ndani yake hujisaliti kwa kushuka kuliko wenzake.

Linabaki suala la nani anayeziona namba hizi. Katika biashara za kubadilisha betri za pikipiki, kama ile ya Ampersand iliyoanzia Kigali, betri ni mali ya kampuni, na kampuni ina kila sababu ya kuziangalia seli na kuiondoa betri mapema pale moja inapoanza kuachana na wenzake. Aliyenunua betri yake mwenyewe hana uangalizi huo. Mara nyingi hupewa taa tatu za rangi au asilimia moja, huku bodi iliyomo ndani ikijua volteji ya kila seli na kulihifadhi tukio la kila mara ilipokata, nyuma ya programu iliyofungwa ambayo fundi wa mtaani hawezi kuifungua. Kwa fundi huyo, volteji ya chini kabisa ya kila seli kwa mwezi uliopita ingemtosha kuigundua seli dhaifu miezi kadhaa kabla haijashuka chini ya kikomo na kuiharibu betri nzima, na kuionyesha namba hiyo hakuhitaji kifaa chochote kipya, kwa kuwa bodi tayari imeipima.